Sinema bubu za mapanga na mapenzi: kwa nini zinashika watu, na zionyeshwe vipi uani Lamu?

MwanaMkomani (ameuliza)

Salaam aleikum jamaa. Sisi ni kikundi cha vijana wa Mji wa Kale, Lamu. Tunataka kuonyesha filamu moja ya enzi zile kabla sinema haijapata sauti: mapanga, farasi, mabinti wa kifalme, maharamia, mahaba ya kutazamana. Tumepewa ua wenye kuta za mawe, na ukuta mmoja mweupe wa upana wa mita 5 hivi. Watakuja watu wa rika zote, kuanzia watoto wa chuoni hadi wazee wa barazani. Tuna projekta ya ofisi ya zamani, laptopu, mpiga udi mmoja, mpiga zumari mmoja na wapiga ngoma wawili.

Nakala niliyoipata mtandaoni watu wanatembea kama waliofukuzwa na nyuki. Je, ndivyo zilivyokuwa, au kuna namna ya kurekebisha? Na vile vibao vya maandishi ya Kiingereza, tuvifanyeje kwa watu wasiosoma Kiingereza? Muziki uende vipi?

Kuna swali jingine, nalo limetoka kwa wazee wetu: kuna filamu mpya tele zenye sauti na rangi, hizi za miaka 100 zina nini hasa? Nataka jibu la kweli, maana tukijua utamu wake uko wapi ndipo tutajua tulinde nini tunapozionyesha. Tupeni pia jina la filamu ya kuanzia.

BintiPate

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Naanza na la wazee.

Utamu wa filamu hizi uko kwenye mwili mzima wa mtu. Mtazame mwigizaji Douglas Fairbanks katika *The Mark of Zorro* ya 1920. Kamera imesimama mbali, unamwona kuanzia kofia hadi kiatu, naye anaruka meza, anapanda ukuta, anatokea dirishani, na picha haijakatwa. Siku hizi pigano hukatwa vipande vya sekunde moja moja, na mtazamaji huachiwa kuamini tu kwamba mtu kapigana. Kwa Fairbanks unaiona kazi yenyewe. Ilikuwa kazi iliyopimwa: samani na vishikio vya kwenye seti viliwekwa kwa kimo na urefu wa mikono yake ili mruko wake uonekane hauna jasho. Katika *Robin Hood* ya 1922 anateremka juu ya pazia refu kutoka juu hadi sakafuni. Nyuma ya pazia kulifichwa ubao wa kutelezea. Katika *The Thief of Bagdad* ya 1924 anarukaruka ndani ya mitungi mikubwa kwa sababu ndani yake mna vitambaa vya kurushia. Hila zipo, lakini zinaufanya mwili wake uzidi kuonekana, haziufichi.

Pili ni vitu. Pasipo sauti, kisa hubebwa na kitu cha kushikika: pete, barua, kamba, leso, barakoa. Don Diego, yule bwana mvivu ambaye ndiye Zorro mwenyewe, unamjua kwa anavyochezea leso na anavyolegeza mabega. Akivaa barakoa, mgongo unanyooka. Mtoto wa miaka 7 anaelewa asiambiwe. Na watu wa Lamu si wageni wa usimulizi wa namna hii. Kisa cha Fumo Liyongo kifungoni ndivyo kilivyojengwa: mkate wa wishwa, tupa ya kukatia chuma ndani yake, walinzi wanaoudharau mkate wenyewe, na ngoma ya gungu inayopigwa nje ili mlio wa chuma usisikike. Kisa hicho ukikitia kwenye sinema bubu, kitu kimoja tu kitabadilika. Mlio wa tupa utageuka uso wa mlinzi anayesita na kugeuza shingo.

Tatu ni mapenzi yenyewe. Wapendanao hawawezi kusemezana kwa kirefu, kwa hiyo filamu huwapa muda wa kutazamana. Mkono ukigusa kitasa cha mlango, picha inangoja hapo. Wazee waliolelewa na mashairi ya mafumbo watauona muda huo kuwa ndio wenyewe. Mwonyeshaji anayeharakisha picha huanza kwa kuua muda huo.

Kuhusu filamu ya kuanzia, mimi ningeanza na *The Mark of Zorro*. Ni kama saa moja na nusu, jambo ni jepesi kushika (mtawala dhalimu, mtetezi wa wanyonge, msichana asiyemtaka mvivu na kumpenda mwenye barakoa bila kujua ni mtu mmoja), na dakika 20 hivi za mwisho ni mbio na mapanga matupu. *Robin Hood* ina ngome ya kupendeza macho, lakini takriban nusu ya kwanza ni ya ikulu na vita vya msalaba, na shujaa bado hajaingia msituni. Watoto watalala.

*The Thief of Bagdad* ndiyo nzuri kuliko zote hizo kwa sura. Mchoraji wa majengo alikuwa William Cameron Menzies, na sakafu zilisuguliwa ziking'aa hadi kuta zinaonekana zinaelea. Ila ni zaidi ya saa mbili, na ina jambo la kuangaliwa ambalo nadhani mtu wa tenzi atalieleza hapa chini. Iwe ya pili au ya tatu.

Ya pili kwangu ni *The Adventures of Prince Achmed* ya 1926, kazi ya Lotte Reiniger wa Ujerumani. Hii si ya waigizaji. Ni vivuli vya karatasi nyeusi vilivyokatwa kwa mkasi, viungo vimefungwa kwa waya, vikasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha fremu moja moja (fremu ni picha moja ya kwenye ukanda wa filamu). Kazi ilianza 1923. Ina dakika 65 hivi, na visa vyake vimetoka katika Alfu Lela Ulela, kwa hiyo farasi anayeruka na jini wa taa hawahitaji utambulisho pwani hii. Tazameni kwanza wenyewe: ina sehemu ya binti anayeoga ziwani na busu kadhaa. Ni vivuli tu, lakini hadhira ya familia nzima ni yenu, ninyi ndio mnajua.

*The Sheik* ya 1921 ningeiacha. Rudolph Valentino anavutia, hilo halina ubishi, ila kisa ni cha mtu kumteka mwanamke nyara na kuita hayo mapenzi. Halafu mwishoni tunaambiwa shekhe huyo kwa kuzaliwa ni mtoto wa Mwingereza na mama Mhispania, ndipo aonekane anafaa kupendwa. Hadhira yenu itaudhika, na itakuwa na haki.

FundiWaTaa_Malindi

Kaka, hilo la watu kukimbia ni kosa la nakala, si la filamu.

Kamera za wakati ule nyingi zilizungushwa kwa mkono, na kasi ilikuwa baina ya fremu 16 na 24 kwa sekunde, ikibadilika filamu kwa filamu na hata pazia kwa pazia, yaani tukio kwa tukio. Fremu 24 ndiyo iliyokuja kuwa sheria sauti ilipoingia. Mtu akichukua picha ya fremu 18 akaiendesha kwa 24, kila kitu kinakwenda mara 1.33. Ndiyo hiyo unayoiona.

Kupima ni rahisi. Tafuta urefu wa filamu kwa futi. Mara nyingi huandikwa kwenye maelezo yake. Filamu ya milimita 35 ina fremu 16 kwa kila futi. Zidisha futi kwa 16, gawanya kwa kasi, kisha gawanya kwa 60 upate dakika. Mfano, futi 8,000: kwa fremu 24 ni dakika 89, kwa 20 ni dakika 107, kwa 18 ni dakika 119. Nakala yako ikiwa na dakika 89, basi imeendeshwa kwa 24.

Usipopata futi, tumia kitu kinachoanguka. Mtu akiruka chini kutoka kimo cha mita 2 huchukua sekunde 0.64, Lamu au California. Hesabu fremu tangu miguu inapoacha ukuta hadi inapogusa ardhi. Ukipata sekunde 0.48, picha inakwenda mara 1.33. Chagua mruko wa kawaida, usichague ule wenye kamba au kitambaa cha kurushia. Maji yanayomwagwa na nguo inayoanguka pia husema kweli.

Kurekebisha: punguza kasi kwenye VLC, ile programu ya kuchezesha video. Nakala iliyotiwa kwa 24, ukiiweka 0.75 unapata fremu 18, ukiiweka 0.83 unapata 20. Muziki ulioambatana na nakala uzime kabisa, kwani utaharibika, nanyi mna wapigaji wenu.

Sasa angalia hapa. Usipunguze hadi mapigano yawe mazito. Wapiga picha wa enzi hiyo mara nyingi walizungusha kamera polepole makusudi kwenye mbio na mapanga, ili yakionyeshwa yawe na wepesi uliozidi kidogo ule wa maisha. Pima kasi kwa mazungumzo na kutembea, kisha uache mapigano yaende mbele kidogo. Ukipima kwa mapigano, mapenzi yote yatajikokota.

Jambo la pili ni umbo. Picha za wakati huo zina upana 4 kwa kimo 3. Nakala nyingi za mtandaoni zimenyooshwa kujaza skrini pana, watu wakawa wanene, au zimekatwa juu na chini, vichwa na miguu vikaondoka. Kwa yale aliyoyasema BintiPate, kumkata Fairbanks miguu ni kuondoa filamu yenyewe. Kuna ukataji mwingine wa siri: filamu za sauti zilichukua ukanda wa kushoto wa fremu kwa ajili ya njia ya sauti, kwa hiyo mashine ya sauti ikinakili filamu bubu humeza ukingo wa kushoto. Utaugundua kwenye vibao vya maandishi: herufi zimesogea kushoto, au herufi ya kwanza ya mstari imeliwa. Ukikuta hivyo tafuta nakala nyingine.

Projekta ya ofisi ya zamani ni bahati yenu. Nyingi zina umbo la 4 kwa 3, kwa hiyo mwanga wote unaingia kwenye picha. Projekta pana ya leo ikionyesha picha hiyo hupoteza robo ya mwanga pembeni. Hesabu ni hii: lumeni (mwanga unaotoka kwenye projekta) gawanya kwa eneo la picha, upate laksi (mwanga unaofika ukutani kwa kila mita ya mraba). Lumeni 3000 kwenye picha ya mita 4 kwa 3 ni laksi 250, safi sana. Lakini taa ya zamani huenda imebaki na nusu, basi una 125. Punguza picha iwe mita 3.2 kwa 2.4 urudi karibu na 195. Picha ndogo yenye mwanga ni bora kuliko kubwa iliyofifia. Msiutumie ukuta wote mita 5 eti kwa kuwa upo.

Ukuta uwe na chokaa isiyong'aa. Rangi ya mafuta hurudisha doa la mwanga katikati na pembeni pakawa giza. Mkitumia nguo, marekani ya tabaka mbili na kitambaa cheusi nyuma, lakini ua wenu ukiwa wazi kwa kusi fikirieni vizuri: nguo ya mita 12 za mraba kwenye upepo wa mita 10 kwa sekunde inavutwa kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi. Mabaharia wenu hawahitaji kuambiwa hilo ni tanga. Ukuta ni salama.

Mwezi usiwatie hofu, hata mpevu hautoi hata nusu laksi. Adui ni balbu ya jirani. Laksi 10 tu za balbu zikiangukia ukutani, weusi wote unageuka kijivu na pazia za usiku zinapotea. Nendeni nyumba kwa nyumba siku moja kabla mkaombe zizimwe baada ya isha.

MwanaMkomani

Ahsante sana, fundi. Nimepata nakala mbili za Zorro, moja nyeusi na nyeupe tupu, nyingine ina rangi ya kahawia na buluu kwa zamu. Hiyo ya rangi imechezewa na watu wa kompyuta?

FundiWaTaa_Malindi

Chukua ya rangi, kaka, ukihakikisha kwanza kwamba kasi na umbo ni sawa.

Filamu zile zilitiwa rangi tangu mwanzo. Ukanda wa pazia zima ulichovywa kwenye rangi: manjano au kahawia kwa ndani penye taa, buluu kwa usiku, nyekundu kwa moto, waridi mara nyingi kwa mapenzi. Haikuwa pambo tu. Filamu ya wakati ule haikuwa na wepesi wa kunasa mwanga, hivyo "usiku" mwingi ulipigwa mchana wa jua kali, na buluu ndiyo ilimwambia mtazamaji kuwa ni usiku. Ukiondoa buluu, unamwona mtu ananyemelea ukuta saa sita mchana na walinzi wamesimama hatua tano hawamwoni. Watazamaji watamcheka shujaa, na kosa si lake.

Jambo jingine la kuwaeleza watu kabla ya kuanza: ukanda wa filamu wa wakati ule haukuona wekundu na uliona buluu kupita kiasi. Midomo na nguo nyekundu hutoka nyeusi, mbingu hutoka nyeupe tupu. Ndiyo maana nyuso zimepakwa poda namna ile.

Rangi kamili ni habari nyingine. *The Black Pirate* ya 1926 ilipigwa kwa Technicolor ya rangi mbili, jamii ya wekundu na jamii ya kijani, kwa hiyo bahari yake haiwi buluu kama hii yetu. Nakala zilikuwa kanda mbili nyembamba zilizogandishwa mgongo kwa mgongo. Zikipata joto la projekta zilibenuka, na picha ikapoteza ukali. Humo mna ile pazia mashuhuri ya kuteremka kwa kisu kilichochomwa tangani. Baharia yeyote wa Lamu atasema mara moja kwamba kitambaa kilichovutwa huchanika kwa kufuata uzi na hakimbebi mtu taratibu vile. Yuko sawa, ni hila. Bado inafaa kutazamwa.

Msomaji_Shela

Kuhusu vibao, kaka, msiandike tafsiri chini ya picha. Itaziba miguu, nayo herufi ndogo hazisomeki kutoka safu ya nyuma. Wekeni msomaji. Ujapani walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, wakikaa kando ya skrini wakisoma, wakieleza na kutoa sauti za watu wote, na baadhi yao walipata sifa kuliko waigizaji. Pwani yetu haikosi watu wa kughani.

Kazi yenyewe ni hivi. Tazama filamu ukiwa na daftari, andika kila kibao, saa kinapotokea na sekunde kinazokaa, *baada* ya fundi kuweka kasi. Kasi ikibadilika, saa zote zinaharibika. Filamu ya saa moja na nusu yaweza kuwa na vibao zaidi ya mia, kwa hiyo jitengee siku kadhaa. Kisha vigawe: vya msimulizi na vya mazungumzo. Mazungumzo yasomwe kwa nathari, maneno machache, kama watu wanavyosema. Vya msimulizi ndivyo vya kughani kwa bahari ya utenzi.

Hapa wengi huteleza. Ubeti mzima wa utenzi wenye vipande vinne vya mizani 8 huchukua kama sekunde 10 ukighaniwa kwa utulivu. Kibao kingi hukaa sekunde 5 hadi 7. Ukighani ubeti mzima utamkuta shujaa ameshapanda farasi na wewe bado uko bustanini. Tumia vipande viwili tu, vyenye kina kimoja:

*Mpenzi nipe subira,*
*usiku una ishara.*

Hiyo ni sekunde 5. Anza nusu sekunde baada ya kibao kutokea, malizia kabla hakijaondoka. Na usieleze kinachoonekana. Mtu akichomoa upanga, usiseme "anachomoa upanga". Nyamaza. Msomaji mwenye mdomo mrefu huwanyang'anya watazamaji ule muda wa kungoja aliousema BintiPate.

Sauti za wahusika zitofautiane kwa kasi ya usemi kuliko kwa kubadili koo. Don Diego anavuta maneno, Zorro anakata. Msichana asisomwe kwa sauti ya kuigiza nyembamba na mwanamume; mtafuteni msomaji wa pili, mwanamke. Watu watasikiliza kwa heshima zaidi.

Sasa lile la *The Thief of Bagdad*. Mapema kwenye filamu mwizi anaingia msikitini, anambeza mzee anayefundisha, na kibao kinamfanya akane Mungu na pepo waziwazi. Ukilisoma hilo Lamu bila maandalizi, usiku umekwisha. Kulikata pia si sawa, kwa sababu filamu nzima ni safari ya mtu huyo kurudi: baadaye anakwenda kwa mzee yule yule akiwa amevunjika, na mzee ndiye anayempa njia. Ukikata kufuru, toba inaning'inia. Ushauri wangu: waonyesheni wazee pazia zote mbili kabla, wakae nazo. Usiku wenyewe msomaji aseme kabla ya kibao kwamba huyu ni mwizi, na haya ni maneno ya mpotevu. Kisha asome kibao kwa nathari kavu, bila kughani, na jibu la mzee lisomwe kwa utulivu. Wazee wakikataa, basi kuna Zorro na kuna Achmed.

NgomaZaLangoni

Kwa muziki mna kila kitu isipokuwa mpango. Hizi filamu hazikuonyeshwa kimya. Palikuwa na piano, kinanda au okestra nzima, na kumbi nyingi zilipewa karatasi ya maelekezo: pazia gani, hali gani, kasi gani. Nanyi andikeni ya kwenu. Msiandike saa na dakika, hakuna mpigaji atakayetazama saa. Andikeni alama ya kuona: "leso inaanguka, udi aanze", "mlango unavunjwa, ngoma".

Mapanga yapigiwe kirumbizi. Ndiyo ngoma ya fimbo, zumari na ngoma zake tayari zimezoea watu wawili wanaozungukana, wanatishiana, wanagongana, wanaachana. Pigano la Zorro lina umbo hilo hilo, halina mgongano wa mfululizo. Wakizungukana, ngoma ndogo peke yake, chinichini. Fimbo, yaani upanga, ukigonga, msondo uingie. Msijaribu kupiga kila mgongano. Wapigaji wakifukuza kila pigo watachelewa daima na itasikika vibaya. Pigeni mwendo, mgongano mmoja kati ya minne uangukie penyewe.

Zumari ni kali mno kwa ua wa mawe. Sauti inagonga kuta na kurudi, msomaji hasikiki. Mpigaji akae pembe ya mbali, mita 5 au zaidi kutoka kwa msomaji, anyamaze kila kibao kinapotokea. Hiyo iwe sheria moja isiyovunjwa: kibao kikitoka, zumari kimya, udi unaweza kuendelea.

Udi uwe wa mapenzi, na wimbo mmoja tu, mfupi, unaorudi kila wapendanao wakikutana. Mara ya kwanza upigwe mzima. Zorro akimtokea msichana akiwa na barakoa, upigwe wimbo ule ule. Don Diego akiwa naye pamoja, vipigwe vipande viwili vitatu vya mwanzo viishie hewani. Watazamaji watasikia kwa masikio kwamba ni mtu mmoja kabla msichana hajajua. Sinema bubu huwapa wapigaji nafasi hiyo, na hakuna filamu ya sauti inayoweza kuwaachia.

Na muziki unyamaze kabisa mahali pamoja au pawili. Pale askari wanapopita karibu na maficho, kila mtu mikono chini. Ua mzima utaacha kupumua.

Wapigaji wakae ubavuni wakitazama ukuta, si watazamaji. Kurunzi ya kusomea karatasi ifungwe karatasi nyekundu na ielekee chini, la sivyo mtamrudishia fundi laksi alizozifukuza.

BintiPate

Niongeze la kibali, maana vikundi vingi husahau. Onyesho la hadhara Kenya liko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, hata kama ni bure. Nendeni kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu mapema. Hakimiliki ya filamu hapa Kenya ni miaka 50, kwa hiyo Zorro yenyewe imekwisha kutoka. Lakini muziki mpya uliotiwa kwenye nakala una mwenyewe, na walioirekebisha nakala huweza kuwa na masharti yao. Mkipiga muziki wenu, sehemu kubwa ya tatizo hilo inaondoka.

MwanaMkomani

Tumekubaliana: Zorro, nakala ya rangi, picha ya mita 3.2, wasomaji wawili, kirumbizi. Suala lililobaki ni uunganishaji. Kijana mmoja anataka kurusha picha kutoka simu hadi projekta bila waya ili laptopu ikae kwa wapigaji. Itafaa?

FundiWaTaa_Malindi

Haitafaa. Picha ya kurushwa huchelewa, na ucheleweshaji wenyewe haukai sawa. Wapigaji wakifuata laptopu na watu wakitazama ukuta, msondo utalia kabla ya panga kugongana. Wote watazame ukuta mmoja.

Tumieni waya. Projekta za zamani nyingi zina tundu la VGA tu (la waya wa picha wa zamani), kwa hiyo kama laptopu ina HDMI (tundu la kisasa) peke yake nunueni kigeuzi na mkijaribu siku mbili kabla, si jioni ile. Kwa picha ya upana wa mita 3.2, projekta nyingi za aina hiyo hutaka kukaa mita 5 hadi 6 kutoka ukutani, basi waya wa mita 10 unatosha kuzunguka watu. Ubandikeni chini kwa utepe mpana mahali watoto watakapopita. Projekta iwe juu ya meza iliyoinuliwa, itazame ukuta moja kwa moja. Mkiiweka chini na kuielekeza juu, picha itapanuka juu, na mkiisahihisha kwa kitufe mtapoteza ukali na mwanga.

Zimeni kwenye laptopu kila kinachoweza kuamka chenyewe: skrini kulala, sasisho, arifa, intaneti yote. Projekta ya taa haipendi kuzimwa ghafla, feni yake inahitaji dakika kadhaa kuipoza, kwa hiyo wekeni UPS, yaani betri ya akiba ya kushika stima ikikatika. Ya VA 1000 itawapa dakika chache za kungoja jenereta stima ikipotea, au za kuizima kwa utaratibu. Spika ya msomaji iwe kwenye waya tofauti na projekta.

Fanyeni jaribio zima la filamu pale pale uani, saa ile ile, pamoja na wasomaji na ngoma. Pazia la kupima ni la kwanza la usiku lenye buluu. Simama safu ya mwisho: ukiona mikono ya mtu anayepanda ukuta, mwanga unatosha. Usipoiona, punguzeni picha hadi mita 2.8 kabla hamjatafuta projekta nyingine.